Dada kafiwa, shemeji kashika karatasi za nyumba, hela ya wakili hatuna: tuanzie wapi?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Mbagala, nimelifupisha kidogo: "Dada wakili shikamoo. Shemeji yangu amefariki miezi miwili iliyopita, kaacha mjane ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, watoto watatu (wa kiume wawili) na nyumba ya vyumba sita, vinne vina wapangaji. Ndoa yao ya Kiislamu. Kaka mkubwa wa marehemu kachukua karatasi za mauziano ya nyumba, anakusanya kodi, anasema yeye ndo msimamizi wa mirathi ashapitishwa. Dada yuko eda. Wakili tuliyemwona kataka milioni moja na nusu, kuna jamaa pale nje ya mahakama kasema laki tatu anamaliza kila kitu. Tunasikia kuna msaada wa sheria wa bure, ni kweli upo au ni maneno ya redioni? Na huyo wakili wa bure tunampata wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana na msiba.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndo linawapoteza watu wengi. Msaada wa bure upo, sio maneno ya redioni, una na sheria yake kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ila ukienda kichwani umebeba picha ya wakili mwenye joho anasimama mahakamani anapiga meza kwa niaba ya dada yako bila hela, utazunguka ofisi tatu utarudi nyumbani unasema wale ni waongo. Hiyo picha watu wameitoa kwenye kesi za mauaji, ambako kweli serikali inamwekea mshtakiwa wakili asiyemlipa. Kwenye mirathi, ndoa, viwanja, msaada wa bure kwa sehemu kubwa ni mtu anayejua njia: anakuambia mlango gani, karatasi gani, lini mwisho, anakuandikia au anakusaidia kuandika, anakupigia simu kukumbusha tarehe. Na mimi kwa miaka yote niliyokaa meza ya kujitolea Jumamosi nakuambia wazi, wajane wengi niliowaona wakipoteza nyumba hawakupoteza kwa sababu hawakuwa na wakili, walipoteza kwa sababu kesi ilishaisha wao hawajui hata kama ilifunguliwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza sio wakili. Ni jalada, yaani faili la mirathi pale mahakamani.

Huyo shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, anasema "ashapitishwa". Kapitishwa na nani? Hapo ndo pana mchezo. Kuna kupitishwa na kikao cha ukoo, pale kwenye mkeka siku ya tatu au arobaini, watu wanaandika muhtasari wanasaini, na kuna kuteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Msimamizi ni yule mwenye barua ya usimamizi kutoka mahakamani, ile Fomu Na. IV, yenye mhuri. Akiwa hana hiyo fomu basi kwa sheria yeye ni shemeji tu anayekusanya kodi za watu. Na tena muhtasari wa ukoo wenyewe ni utaratibu uliozoeleka, sio kwamba bila huo mahakama haiwezi kumsikiliza dada yako, hakimu anaweza kumteua mjane hata ukoo ukigoma kusaini, so mtu asiwatishe kwamba "hamna muhtasari hamuwezi kufungua".

Nyie mpo Dar, mna bahati kidogo. Temeke kuna Kituo Jumuishi, kilianza 2021, kazi yake ni mirathi na mambo ya ndoa, mahakama ya mwanzo, ya wilaya na Mahakama Kuu zote ziko sehemu moja. Nenda pale na jina la marehemu lote kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, uliza masjala, ofisi ya majalada, kama kuna shauri la mirathi limefunguliwa kwa jina hilo. Ukikuta lipo, unachukua namba, unaulizia limefika wapi: bado liko kwenye tangazo, yaani maombi yamebandikwa ubaoni ili mwenye kupinga apinge, au uteuzi umeshatoka. Hayo mawili ni dunia tofauti kabisa. Likiwa bado kwenye tangazo, dada yako anaweka pingamizi, na pingamizi lililowekwa kabla ya uteuzi ni jepesi mara kumi kuliko kuhangaika kumtengua mtu ambaye mhuri anao mkononi.

Sasa hii ya eda. Naomba niseme bila kumuudhi mtu. Eda ni miezi minne na siku kumi, na kuna mashemeji wanaijua hiyo hesabu kuliko wanavyojua tarehe za kuzaliwa za watoto wa marehemu. Mjane yuko ndani kajifunika, huko nje tangazo linabandikwa ubaoni, siku zinapita, hakuna aliyepinga, uteuzi unatoka. Akimaliza eda anakuta nyumba ina mnunuzi. Nimeliona hili sio mara moja. Muulizeni sheikh wenu kuhusu kutoka mchana kwa dharura kama hii, wengi niliokaa nao hawana shida nalo, ila hata asipotoka kuna mlango watu hawaujui: sheria ya mahakama za mahakimu inaruhusu kwenye mahakama ya mwanzo ndugu au mtu wa nyumbani amwakilishe mhusika, mahakama ikikubali. Yaani wewe. Dada yako anaandika barua fupi kwamba yuko eda na anaomba kaka yake wa damu, fulani bin fulani, asimame kwa niaba yake, anasaini au anaweka dole gumba, we unaipeleka kwa hakimu. Hii hailipiwi wakili.

Na kuhusu wakili kwenye mahakama ya mwanzo, zamani hawakuruhusiwa kabisa kuingia. Marekebisho ya 2021 ndo yakafungua, na yenyewe ni pale tu anaposikiliza hakimu mkazi. Kwa hiyo hiyo mahakama miaka yote imejengwa kwa mtu wa kawaida kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili chake, hakimu anauliza, unajibu. Milioni moja na nusu kwa hatua hii mi nisingeitoa. Sio kwamba huyo wakili mwizi, hapana, ana ofisi ana kodi analipa, ila kazi iliyopo mbele yenu wiki hii haihitaji hiyo hela.

Yule wa laki tatu nje ya mahakama ndo mumkimbie kabisa. Hao tunawaita vishoka. Utamjua: hana ofisi, ana begi la fotokopi, anamjua "karani wa ndani", na kila kitu kwake kinawezekana leo leo. Ada za mahakama siku hizi zinalipwa kwa kontroo namba, unalipia kwenye simu yako, meseji inakuja kwako. Mtu yeyote anayetaka kesh mkononi ya "kufungulia jalada" anakula hiyo hela. Na kishoka akishaandika maombi vibaya, akachanganya majina au akaacha mtoto mmoja nje ya orodha ya warithi, sisi tunaokuja nyuma kurekebisha tunapata tabu kuliko tungeanza upya. Kama hata hiyo ada rasmi inawashinda, mwambieni mtoa msaada atakayewapokea awasaidie kuomba msamaha wa ada, njia ipo, ila inaombwa, haiji yenyewe.

Haya, mtu wa bure mnampata wapi. Anza chini. Kuna wasaidizi wa kisheria, wale wengi mnawajua kama paraligo, wapo karibu kila wilaya, wengine ni walimu wastaafu, mama lishe, wakulima, wamefundishwa na wamesajiliwa. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa yenu, uliza msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wa kata yenu ni nani, na akija omba kitambulisho usione aibu. Huyu hasimami mahakamani kama wakili na haruhusiwi kukutoza chochote, akikuomba hata "nauli ya kutoka mahakamani" mara mbili mbili jua kuna kasoro. Juu yake kuna mashirika yenye mawakili: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina kliniki yake Kinondoni, kuna WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, ambao kesi za wanawake na mirathi ndo chakula chao, kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kuna Chama cha Mawakili Tanganyika, kuna kitengo cha msaada wa sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kesi yenu ya mirathi ya mjane ningeipeleka WLAC au TAWLA. Kuna pia Wiki ya Sheria, kila mwaka mwishoni mwa Januari kuelekea Siku ya Sheria ya Februari, mahakimu na mawakili wanakaa kwenye mahema ushauri bure, na tangu 2023 kuna ile kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria inayozunguka mikoani. Nzuri zote, ila msikae mkisubiri hema lije Mbagala wakati tangazo liko ubaoni.

Mkifika kwenye hizo ofisi, foleni ipo, na watu wanachujwa kwa kipato. Hamna haja ya kuigiza umaskini, we sema ukweli: mjane anaishi kwa nini, watoto wangapi wanasoma, kodi anachukua nani. Kinachoudhi watu wa meza ile sio mtu mwenye kipato kidogo zaidi au kidogo pungufu, ni mtu anayekuja mikono mitupu anaanza na "hadithi yangu ni ndefu". Nakumbuka mama mmoja, zamani kidogo, alikuja na mfuko mweusi wa nailoni kauweka mezani kama mtu anayeleta mihogo. Mi nikadhani ni barua. Kumbe ndani kuna stakabadhi za LUKU za miaka sita, zimefifia nyingine hazisomeki, na daftari la vikoba lenye jalada la picha ya maua. Kwenye daftari kuna ukurasa: kakopa laki nne, mwezi ule ule, na pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu "saruji mifuko 20, fundi". Kaandika tu asije akasahau deni. Lile daftari lilitusaidia kuliko barua zote nilizoandika kwa kichwa cha ofisi, kwa sababu mashemeji walikuwa wanaapa kwamba nyumba kajenga kaka yao peke yake.

Hapo nataka usome taratibu. Kabla hamjaongelea nani anarithi nini, jiulizeni mali ya marehemu ni ipi. Alichochangia dada yako kwenye ile nyumba sio urithi, ni chake, marehemu hawezi kurithisha kisichokuwa chake. Ila lazima akithibitishe. Kwa hiyo tafuteni: vikoba, meseji za kutuma hela kwa fundi, risiti za mabati, fundi mwenyewe, jirani aliyemuona anabeba maji ya kumwagia msingi. Watu wananitajia sana kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango, na ni kweli ilisema, ila ile ilikuwa talaka sio mirathi, msiibebe kama rungu, ibebeni kama kivuli tu nyuma ya ushahidi wenu.

Halafu kinachobaki ndo kinagawanywa. Kwa sheria ya Kiislamu mjane akiwa na watoto anapata thumni, moja ya nane. Najua inaonekana ndogo. Ila angalia upande wa pili: marehemu kaacha watoto wa kiume, na akiwepo mtoto wa kiume, kaka wa marehemu hana fungu. Hana kabisa. Shemeji yenu anayekusanya kodi sio mrithi wa hata bati moja. Hata akiwa kweli kateuliwa msimamizi, msimamizi ni mbeba mzigo, anakusanya, analipa madeni, anawagawia wenyewe. Mama wa marehemu, kama yu hai, huyo ana sudusi yake, moja ya sita, na hapa nawashauri kama dada: msimgeuze mama mkwe kuwa adui. Mwambieni fungu lake ni lipi, kwa heshima, mkiwa na sheikh. Mara nyingi bibi akishajua kwamba mwanawe mkubwa anakula fungu la mama yake mwenyewe, kikao cha ukoo kinabadilika sura.

Kama uteuzi umeshatoka, bado hamjachelewa, ila spidi inaongezeka. Dada anaomba nakala ya uamuzi, anapeleka maombi mahakama ile ile kwamba uteuzi utenguliwe kwa sababu mjane hakushirikishwa, au warithi walifichwa, au maombi yalidanganya. Msimamizi pia anatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe apeleke orodha ya mali, Fomu Na. V, halafu hesabu kwenye Fomu Na. VI, isipokuwa mahakama imuongezee muda. Wengi hawapeleki. Hiyo ni ndoano nzuri sana, maana kodi za vyumba vinne zinatakiwa zionekane kwenye hiyo hesabu. So kuanzia leo andikeni: chumba gani, mpangaji analipa ngapi, kamlipa nani, tarehe. Msigombane na wapangaji, wao hawana kosa. Mkikosa kuridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo, rufaa inakwenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na hizo 30 zinahesabiwa kwenye kalenda, hazijui mvua wala arobaini.

Kuhusu nyumba kuuzwa: peleka barua serikali ya mtaa leo, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, useme nyumba hiyo ni ya marehemu, mirathi haijaisha, mjane na watoto wanaishi ndani. Nyumba za kwetu hazina hati, zina mauziano na pengine leseni ya makazi, kwa hiyo mnunuzi yeyote lazima apite kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti mwenye barua yako droani anafikiri mara mbili kabla ya kusaini mauziano mapya. Na zile karatasi alizochukua, muulizeni mwenyekiti kama kuna nakala, mtafuteni aliyewauzia na mashahidi waliosaini.

Kitu kimoja msifanye: msikimbilie baraza la ardhi. Nasema hivi kwa aibu yangu mwenyewe. Mwanzoni mwanzoni nilimwelekeza mjane mmoja baraza la ardhi na nyumba la wilaya kwa sababu ugomvi ni wa nyumba, nikaona ardhi nikaandika ardhi. Shauri likakaa, likapangwa, likapangwa tena, mwisho likatupwa: mama hana hadhi ya kushtaki kwa mali ya marehemu kwa sababu sio msimamizi. Miezi saba. Alinisamehe, ila mwanae alikuwa ameshahamishwa shule. Na baraza la kata ndo usiseme, tangu 2021 kwenye ardhi kazi yao ni kusuluhisha tu, hawaamui.

Shemeji akimgusa dada yako au akitoa vitu nje, hiyo ni polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyo hiyo. Mengine yote ni mahakamani.

Kuna dada mwingine kanifuata inbox kutoka Shinyanga, kwao wanatumia mila, anauliza kama haya yanamhusu. Kwenu kugumu zaidi, maana ile sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 inambana mjane waziwazi. Wajane wawili mafundi cherehani wa huko huko mkoani kwenu waliipeleka Mahakama Kuu, mwaka 2006 mahakama ikakiri ni ya kibaguzi ila ikakataa kuifuta, wakaenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake na 2015 wakashinda. Walisaidiwa bure, na hao hao WLAC. Tatizo kushinda kule hakukuifuta ile sheria ya 1963, kwa hiyo we usijipeleke mwenyewe, tafuta shirika kabla hujafungua chochote, kwa sababu swali la sheria ipi itumike kwenye mirathi ya mumeo ndo kesi yenyewe.

Turudi Mbagala. Kesho asubuhi, kabla ya saa mbili, uwe Temeke masjala na fotokopi ya cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu. Kama cheti cha kifo nacho kakishika shemeji, hospitali alikofia na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, ndo pa kuanzia. Ukipata namba ya jalada na hatua iliyofikia niandikie hapa hapa chini, bila majina ya watu, nikuambie kama tunaandika pingamizi au maombi ya kutengua. Na dada mwambie alitafute daftari lake la vikoba.